Tuma, tumia, simba, simbua: msamiati wa kutuma barua pepe kwa usalama

-tuma kt ele. 1. fanya mtu aende mahali kwa kazi maalumu. 2. peleka kitu kwa mkono wa mwingine. 3. (kompyuta) kabidhi barua pepe kwa seva ili ipelekwe kwa mpokeaji. *Kauli:* -tumana, -tumia, -tumiwa, -tumwa.

barua pepe nm [i-/zi-] barua inayosafirishwa kwa intaneti. Huandikwa pia *baruapepe*.

-simba kt ele. (kompyuta) geuza maandishi kwa ufunguo hata yasisomeke na asiye na ufunguo wake. Huitwa pia *-simba kwa njia fiche*. Nomino yake ni *usimbaji fiche*. *Kinyume:* -simbua.

Katika miongozo ya programu iliyoandikwa kwa Kiswahili, sentensi *Barua pepe imetumwa kwa usalama* hubebeshwa mzigo usiolingana nayo. Mwandishi mmoja hukusudia kwamba njia kati ya programu na seva ilifungwa. Mwingine hukusudia kwamba barua yenyewe ilisimbwa, isisomwe na yeyote ila mpokeaji. Wa tatu hukusudia kwamba mpokeaji anaweza kuthibitisha nani aliyeiandika. Hayo ni mambo matatu, na moja likitimia hayo mengine mawili huweza kuwa hayapo kabisa. Pale programu ya zahanati inapotuma majibu ya vipimo vya damu, tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile ambazo sheria hiyo inazichukulia kuwa nyeti. Msimamizi wa zahanati akisoma neno *salama* huamini kwamba majibu yamefichwa hadi mkononi mwa mgonjwa, kumbe yaliyofichwa ni hatua ya kwanza ya safari tu.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuyatenga mambo hayo. Mengi yalikuwa yakitumika zamani kwenye njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 barua za wafanyabiashara zilipita njia hiyo pamoja na pembe na vitambaa. Nyingi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo, zikiwamo barua, ulichapishwa na C. G. Büttner mwaka 1892. Mtu aliyetaka barua yake ifike alikuwa na maneno mbalimbali kwa mahitaji mbalimbali: *anwani* ya kuandikwa juu, *bahasha* ya kuihifadhi, *lakiri* ya kuifungia, *muhuri* wa kuonyesha mwenyewe ni nani, *tarishi* wa kuichukua, na *amana* kwa ule wajibu unaompata aliyekabidhiwa cha mwenzake. Neno *tarishi* limetoka katika Kiarabu cha Omani na Ghuba, ambako maana yake ni ileile ya mjumbe; *muhuri* asili yake ni Kiajemi.

Tuma na tumia

Kosa la kwanza la kusahihisha liko katika kitenzi chenyewe. *-tumia* ni kauli ya kutendea ya *-tuma*: *Karani alimtumia liwali barua.* Lakini *-tumia* ina maana nyingine, ambayo kwa wingi wa matumizi imeishinda ya kwanza: fanya kitu kiwe cha manufaa. Kwa hiyo *Programu inatumia barua pepe* haisemi kwamba programu inatuma chochote. Inasema kwamba barua pepe ni chombo chake. Kinachotofautisha ni kiambishi cha mtendewa: *Programu inamtumia mgonjwa barua pepe.*

Katika kauli ya kutendwa hatari huongezeka. *Barua imetumwa* ni sahihi. *Barua imetumiwa*, inayoonekana mara kwa mara kwenye skrini za programu, humfanya msomaji afikiri kwamba kuna mtu aliyeifanyia kazi fulani. Kanuni fupi: barua *hutumwa*, mpokeaji *hutumiwa* barua. Hata hapo ni vyema kitajwe kilichotumwa, maana *mteja ametumiwa*, ikiachwa hivyo, ni shutuma.

Kutokana na kitenzi hichohicho yamepatikana *mtume*, *mtumishi* na *mtumwa*. Baadhi ya watafsiri huziita seva zinazofuata amri ya seva nyingine *seva watumwa*, kwa kufuata istilahi ya kigeni iliyokuwa ikitumika zamani. Istilahi hiyo haifai. Kwenye njia ya Tabora neno hilo halikuwa tamathali: wapagazi wengi wa Kinyamwezi walichukua mizigo kwa ujira, frasila mbili au karibu yake begani, na katika njia ileile walipita watu waliokuwa bidhaa wenyewe. *Seva tegemezi* au *seva saidizi* yatosha.

Njia iliyofungwa na barua iliyofungwa

Itifaki inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliwekwa na Jonathan Postel mwaka 1982, na kwa asili ilikuwa wazi kabisa: kila kituo, na kila aliyekaa kati ya vituo viwili, aliweza kuisoma barua. Usalama wa njia uliongezwa baadaye kwa itifaki ya TLS. Kuna namna mbili. Ya kwanza, programu hufungua mazungumzo ambayo tangu neno la kwanza yamesimbwa. Mlango wake wa kawaida ni nambari 465. Ya pili, mazungumzo huanza wazi, kisha programu hutoa amri ya STARTTLS kuomba yafungwe. Mlango wake ni 587. (*Mlango*, au *poti* kwa wanaopenda neno la kukopa, ni bora kuliko *bandari*, ambayo kwa maana hii ni tafsiri ya sauti wala si ya dhana.) Tangu 2018 mwongozo wa kimataifa hupendelea namna ya kwanza kwa programu zinazokabidhi barua kwa seva, na sababu yake yaeleweka. Amri ya STARTTLS husafiri ikiwa wazi. Aliye katikati anaweza kuiondoa, na programu iliyoagizwa kufunga njia *ikiwezekana* itaendelea bila kufunga, wala haitamwambia mtu. Programu iagizwe kukataa kutuma iwapo njia haikufungwa. Kwa Kiswahili tofauti iko kwenye kiambishi kimoja: *funga ikiwezekana* na *usitume isipofungwa*.

TLS ikitumika vizuri, kilichofungwa ni njia. Katika kila seva barua hufunguliwa, husomeka, kisha huendelea. Msafara wenye askari hodari huweza kuvuka nyika salama salimini, na barua zilizomo zikawa karatasi wazi ambazo kila aliyelala kambini angeweza kuzisoma. Hali hiyo iitwe *njia iliyosimbwa* au *mawasiliano yaliyosimbwa kati ya seva*. Isiitwe *barua iliyosimbwa*.

Barua iliyosimbwa ni ile ambayo mwandishi ameigeuza kwa ufunguo wa mpokeaji kabla haijaondoka, kama inavyofanywa na PGP, programu iliyotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991. Vituo vya kati hupitisha kitu wasichoweza kukisoma. Hii ndiyo inayostahili maneno *kutoka mwanzo hadi mwisho*. Lakini nje ya bahasha hubaki wazi: anwani ya mtumaji, ya mpokeaji, saa ya kutumwa, na katika PGP ya kawaida hata mada. Programu inayosimba majibu ya kipimo kisha ikaandika jina la ugonjwa kwenye mada imefunga mlango na kuacha dirisha.

Kuhusu *fumbo* na *msimbo*: wapo wanaopendelea *-fumba* badala ya *-simba*, na hoja yao ina uzuri wake, kwa kuwa *-fumba* ni kitenzi cha kale na hakimkumbushi mtu mnyama wa porini. Hata hivyo methali husema *fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua*, na methali iko sahihi: fumbo hutegemea werevu wa msikilizaji. Usimbaji haupaswi kutegemea hilo. Tangu Auguste Kerckhoffs alipoandika mwaka 1883, kanuni inayokubalika ni kwamba namna ya kusimba ijulikane hata na adui, na siri iwe katika ufunguo peke yake. Kwa sababu hiyo kamusi hii hutenga *-fumba* kwa lugha ya mafumbo na *-simba* kwa hesabu za kompyuta.

Lakiri tano za Kwihara

Jambo la tatu, uthibitisho wa mwandishi, lina mfano bora huko Tabora kwenyewe. Tarehe 14 Machi 1872, Kwihara, karibu na mji wa Tabora, Henry Morton Stanley aliagana na David Livingstone na kuanza safari ya kurudi pwani. Alichukua shajara ya Livingstone iliyofungwa kwa lakiri tano. Siku hiyohiyo Livingstone aliandika, katika shajara mpya aliyobaki nayo, lakiri hizo zilipigwa kwa vitu gani: sarafu ya dhahabu ya Marekani, anna, nusu anna, na kipande cha rangi chenye nembo ya kifalme. Aliandika pia kwamba shajara hiyo isifunguliwe kamwe.

Maelezo hayo yana thamani kwa sababu yamewekwa mahali pasipo kifurushi. Muhuri peke yake huthibitisha kwamba kuna aliyetia muhuri. Hauthibitishi ni nani, maana mtu yeyote mwenye nta na sarafu anaweza kufungua na kufunga tena. Aliye na maelezo ya alama, aliyoyapata kwa njia nyingine, ndiye anayeweza kulinganisha. Watumiaji wa PGP hufanya vivyo hivyo wanaposomeana kwa simu *alama ya kidole* ya ufunguo, ile safu ya tarakimu na herufi inayoutambulisha, na TLS hufanya hivyo kwa *cheti*: programu haikubali neno la seva kuhusu nafsi yake, bali hulinganisha cheti chake na orodha ya watoa vyeti iliyokuwa nayo kabla ya mazungumzo. Maktaba nyingi za kutumia barua pepe zina mpangilio wa kuzima ukaguzi huo, nao huzimwa na watu waliochoshwa na ujumbe wa hitilafu. Mazungumzo bado yatakuwa yamesimbwa, ila yamesimbwa na mtu asiyejulikana.

Katika nchi nyingi za Kiislamu palikuwa na desturi ya kuandika juu ya barua herufi nne za Kiarabu zenye thamani ya 2, 4, 6 na 8, ili barua ilindwe na ifike. Neno *salama* katika miongozo mingi hufanya kazi hiyohiyo.

*Saini ya kidijitali* ndilo neno sahihi kwa uthibitisho wa mwandishi. *Muhuri wa kidijitali* hukubalika pale anayesaini ni taasisi au seva na si mtu, kama katika DKIM, ambapo seva ya kikoa husaini barua zinazotoka humo.

Simba ina kinyume, tuma haina

Lugha za programu za kifunksheni, kama Haskell, OCaml, Erlang na Elixir, husaidia kuyaweka mambo haya mahali pake, na sarufi ya Kiswahili hurahisisha kueleza sababu. Kiswahili kina kauli ya kutendua: *funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, simba, simbua*. Kitenzi chenye kauli hiyo huonyesha kitendo ambacho kinaweza kurudishwa kikamilifu. Kuna vitenzi visivyo nayo. Unga uliosagwa haurudi kuwa nafaka. Wala *-tuma* haina kinyume cha namna hiyo. Tarishi akishaondoka, kinachowezekana ni kumtuma mwingine amfuate.

Haskell, iliyotolewa mwaka 1990 na kupewa jina la mwanahisabati Haskell Curry, hutenga makundi mawili kwa nguvu ya kisheria. Kundi moja ni *funksheni safi*: ukiipa kilekile itarudisha kilekile, na haigusi kitu nje yake. Kundi la pili ni vitendo vyenye *athari* katika ulimwengu, ambavyo aina yake hutiwa alama ya IO. Kuandika barua na kuisimba huweza kuwa katika kundi la kwanza. Kutuma ni lazima kuwe katika la pili. Mpangilio unaofaa unaweza kuonyeshwa kwa mistari miwili:

    simba :: Nasibu -> Ufunguo -> BaruaWazi -> BaruaFiche
    tuma  :: NjiaSalama -> BaruaFiche -> IO ()

Mstari wa pili ndio wenye uzito. Unasema kwamba *tuma* haipokei barua wazi. Mtayarishaji programu akisahau kusimba, kompaila itaikataa programu kabla haijatuma hata barua moja. Vilevile kitu cha aina ya *NjiaSalama* hupatikana tu kutoka kwa funksheni iliyofungua TLS na kukagua cheti. Hakuna namna nyingine ya kukiunda ikiwa moduli inaficha kijenzi chake. Katika lugha nyingi zilizozoeleka, barua wazi na barua iliyosimbwa zote ni matini tu, na tofauti yake hubaki kichwani mwa mtu.

Hoja *Nasibu* katika mstari wa kwanza si pambo. Barua moja ikisimbwa mara mbili haipaswi kutoa matokeo yaleyale, la sivyo anayechungulia njia atajua kwamba wagonjwa wawili wamepata jibu moja. Usimbaji kwa hiyo huhitaji namba za kubahatisha, na funksheni safi haiwezi kuzipata popote. Ni lazima ipewe. Miongozo inayosema kwamba *simba* ni safi bila kutaja nasibu imerahisisha mno.

Aina huziba pia tundu ambalo usimbaji hauligusi. Fomu ya tovuti humwachia mgeni aandike mada ya barua. Akiweka ndani yake mstari mpya na kuongeza anwani za siri, seva huichukua nyongeza hiyo kuwa sehemu ya kichwa cha barua, na programu ya zahanati hugeuka chombo cha kusambazia takataka. Dawa yake ni kuwa na aina ya *Mada* na aina ya *Anwani* ambazo haziundwi mpaka funksheni ihakikishe kwamba hamna mstari mpya ndani. Maktaba zilizopo za Haskell kwa kazi hii, kama smtp-mail, hutoa njia iliyofungwa kwa TLS. Kusimba barua yenyewe na kukagua mada ni kazi inayobaki kwa anayezitumia. Nywila ya seva nayo isiandikwe ndani ya msimbo wa programu, ambako itanakiliwa na kila atakayenakili programu.

Imetumwa, imepokelewa, imefika

Mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 ulitoka Zanzibar kwenda Ujiji. Msafara wake ulikawia Bagamoyo kwa wiki nyingi. Ulipofika Unyanyembe mwaka 1871 ulikwama tena, kwa kuwa vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji. Stanley aliukuta huko, akauchukua mwenyewe kwa njia ya kuzunguka kusini, na Livingstone akaupokea takriban mwaka mzima baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa muda wote huo ofisi ya Zanzibar ingeweza kusema bila uongo kwamba barua *zimetumwa*, na wenye kuutunza mfuko Unyanyembe kwamba zimo *salama*.

Seva ya barua pepe inapojibu kwa nambari 250, maana yake ni kwamba imekubali kuichukua barua na sasa ni amana yake. Haina maana kwamba mpokeaji ameiona, wala kwamba kituo kinachofuata kitaikubali. Kwa hiyo katika kumbukumbu za programu *imepokelewa na seva* ni tafsiri sahihi ya jibu hilo, *imetumwa* hukubalika, na *imefika* ni kosa. *Imerudishwa* itumike barua inapokataliwa mbele ya safari na taarifa ikarejea kwa mtumaji. *Imesomwa* isiandikwe ila mpokeaji mwenyewe amethibitisha, na kwa majibu ya vipimo uthibitisho huo huombwa kwa njia nyingine, kwa kawaida kwa simu.